Namna ya kupima hifadhi ya jamii ya nchi kwa viwango vya kazi vya kimataifa, ukianzia na hati ya mshahara ya Mafinga

Katika mikutano ya wafanyakazi huku Nyanda za Juu Kusini, iwe ni ukumbini Mafinga au chini ya mti kwenye shamba la chai Rungwe, swali hili halikosekani: mafao yetu yanafikia viwango vya kimataifa au hayafikii? Mara nyingi hujibiwa kwa hasira au kwa sifa, na mkutano hufungwa bila mtu kushika kalamu. Jambo hili lina hesabu yake, na hesabu hiyo si ngumu kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne. Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, msaidizi wa kisheria, mwanafunzi wa chuo au mwandishi wa habari anayetaka kuifanya mwenyewe. Mfano tutakaoutumia ni Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake na mfuko wake, na ukichanganya pande mbili utapata jibu lisilo la upande wowote.

Anza kwa kuchagua kipimo. Shirika la Kazi Duniani lina mikataba mingi, lakini mama wa yote katika eneo hili ni Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952 kuhusu viwango vya chini vya hifadhi ya jamii. Mkataba huu unagawa hifadhi katika matawi tisa, yaani matibabu, fao la ugonjwa, fao la kukosa kazi, pensheni ya uzee, fao la kuumia kazini, fao la familia, uzazi, ulemavu na fao la warithi. Nchi inayotaka kuuridhia hailazimiki kubeba matawi yote. Inatosha ikubali matatu, mradi angalau moja kati ya hayo liwe la kukosa kazi, uzee, kuumia kazini, ulemavu au warithi. Baadaye ilikuja mikataba yenye viwango vya juu zaidi, kama Na. 121 wa mwaka 1964 kuhusu kuumia kazini, Na. 128 wa mwaka 1967 kuhusu ulemavu, uzee na warithi, na Na. 183 wa mwaka 2000 kuhusu uzazi. Mwaka 2012 likaongezwa Pendekezo Na. 202, ambalo linataka kila mkaazi awe na sakafu ya ulinzi, yaani matibabu ya msingi na kipato cha msingi kwa mtoto, kwa mtu mzima asiyeweza kujitafutia na kwa mzee. Si lazima nchi iwe imeridhia mkataba ndipo uutumie kuipima. Futi ya fundi hupima ubao wa kila mtu, hata wa yule asiyemiliki futi.

Kwa kila tawi yapo maswali matatu ya kuuliza, nayo ni nani amefunikwa, analipwa kiasi gani, na kwa masharti na muda gani. Watu wengi huishia kwenye swali la pili peke yake. Tutaanza nalo kwa sababu ndilo lenye kelele nyingi, lakini ukiishia hapo utakuwa umepima mlango ukaacha nyumba.

Hesabu ya pensheni

Mkataba Na. 102 unasema kwamba mtu aliyechangia au kufanya kazi miaka 30, akiwa na mke aliyefikia umri wa pensheni, apate kila mwezi si chini ya asilimia 40 ya kipato chake cha awali, na kwamba umri wa kustaafu kwa kawaida usizidi miaka 65. Mtu huyu mwenye mke ndiye mnufaika wa mfano, na kila tawi lina wake. Katika ugonjwa, kukosa kazi na ulemavu ni mwanamume mwenye mke na watoto wawili, na katika fao la warithi ni mjane mwenye watoto wawili. Lugha ni ya mwaka 1952 na ina harufu ya zama zake, lakini faida yake ni kwamba nchi zote hupimwa kwa mtu yule yule.

Sasa chukua hati ya mshahara. Tuseme ni ya mpasua mbao wa Mafinga, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambaye wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kilichoanza kutumika Julai 2022 hugawa kwa 580, kwa hiyo miezi yake 360 ya michango ikigawanywa kwa 580 na kuzidishwa kwa mshahara huo inatoa pensheni kamili ya shilingi 310,345 hivi. Hiyo ni asilimia 62 ya mshahara, na ukiishia hapo utaandika kwamba nchi imefaulu kwa kishindo.

Usiishie hapo. Sehemu ya pensheni hiyo hulipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu, na mwezi hadi mwezi mstaafu hupokea kilichobaki. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25 hapo kabla, na hadi 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikiwapa nusu. Mpasua mbao wetu yumo katika kundi la 35. Mkupuo wake ni pensheni ya mwaka, yaani shilingi 3,724,138, mara 12.5 (kigezo cha kubadili pensheni ya mwaka kuwa mkupuo), mara asilimia 35, ambayo ni takriban shilingi 16,293,000. Kinachobaki kila mwezi ni shilingi 201,724, sawa na asilimia 40.3 ya mshahara wake. Amevuka mstari kwa unywele. Mwalimu wa Iringa aliyetoka kwenye mfuko uliokuwa ukitoa nusu, mwenye mshahara ule ule na miaka ile ile, atabakiwa na shilingi 186,207 kwa mwezi, sawa na asilimia 37.2, yaani chini ya mstari.

Hapa utahitaji kutumia akili yako, kwa kuwa hoja ziko mbili na zote zina mashiko. Ya kwanza inasema mkupuo ni pensheni iliyolipwa mapema, kwa hiyo upime kabla haujakatwa. Ya pili inasema mkataba unataka malipo ya vipindi yanayodumu maisha yote ya mstaafu, na mkupuo uliojengea nyumba au kulipia ada ya chuo haununui chumvi miaka kumi baadaye. Mimi huandika hesabu zote mbili, moja chini ya nyingine, na kumwachia msomaji aone tofauti. Inafaa kukumbusha pia kwamba kikokotoo cha zamani cha watumishi wa umma, ambacho wengi bado wanakililia, kiligawa kwa 540 na kutoa nusu kwa mkupuo. Kwa miaka 30 kilimwachia mstaafu asilimia 33.3 tu ya mshahara kwa mwezi, ambayo iko chini ya kiwango cha kimataifa kuliko hicho kilichokirithi. Watu walikipenda kwa mkupuo, nao walikuwa na sababu zao; mkataba lakini haupimi mkupuo.

Kuna tahadhari moja ya kitaalamu. Mkataba unairuhusu nchi iweke kikomo cha mshahara unaohesabiwa, mradi kisiwe chini ya mshahara wa fundi stadi wa kiume, ambaye kwa mfano ni fundi wa kuunganisha au kuchonga vyuma katika kiwanda cha mashine. Ukimpima meneja wa kiwanda cha karatasi na akapungukiwa, bado hujathibitisha chochote. Mpime fundi.

Miezi inayopotea

Masharti ndiyo mahali ambapo sheria nzuri huvuja. Mkataba unataka mtu aliyechangia au kufanya kazi miaka 15 apate angalau pensheni iliyopunguzwa, na sheria zetu zinataka miezi 180 ya michango. Kwa karatasi, 180 gawanya kwa 12 ni 15, na mambo yamelingana.

Mpime sasa mchuma chai wa Mufindi mwenye mkataba wa msimu. Akiajiriwa miezi minane kila mwaka, miezi 180 ataifikisha baada ya miaka 22 na nusu. Aliyechuma miaka 22 kamili ana miezi 176. Mgongo wake umeisha, lakini pensheni ya kila mwezi hana. Atapewa malipo ya mara moja na kurudi nyumbani. Kwa hiyo katika safu ya masharti usiandike tu kwamba sheria imetimiza. Andika kwamba imetimiza kwa mwajiriwa wa mwaka mzima, na kwamba mwajiriwa wa msimu anabaki nje, kisha eleza hesabu. Katika mkoa wenye chai, kahawa, mpunga na mbao, maelezo hayo yana uzito kuliko asilimia zote ulizokokotoa juu.

Angalia pia miezi ambayo mfanyakazi amekatwa lakini haikufika. Niliwahi kuomba taarifa yangu ya michango baada ya kuacha kazi mahali fulani, nikakuta miezi saba mitupu ilhali hati zangu za mshahara za miezi hiyo zote zinaonyesha makato. Ililetwa baadaye, baada ya barua nyingi. Mkataba unaipa dola jukumu la jumla la kuhakikisha mafao yanatolewa, na ndiyo maana usimamizi wa waajiri ni sehemu ya kipimo. Waombe wafanyakazi kumi wa sehemu moja taarifa zao za michango, uzilinganishe na hati za mshahara, na uandike ulichokuta bila majina.

Matawi mengine

Kuumia kazini ndiko tunakofanya vizuri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ulioanza kazi Julai 2015, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mpasua mbao aliyekatwa vidole na msumeno hulipwa asilimia 70 ya mshahara wakati wa ulemavu wa muda, ilhali Mkataba Na. 102 unataka asilimia 50 na Na. 121 unataka 60. Hatakiwi kuwa amechangia muda wowote, jambo ambalo mkataba unalisisitiza. Kinachobaki kupima ni kama mwajiri wa mashine moja kando ya barabara ya Mgololo amejisajili, na kama vibarua wake wanajua kwamba ajali ina fomu.

Kukosa kazi ni tawi jipya kwetu. Mabadiliko ya mwaka 2018, yaliyounganisha mifuko minne ya pensheni kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na kuiacha NSSF kwa sekta binafsi, yaliweka fao la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18 na asiyeacha kazi kwa hiari. Mkataba unataka asilimia 45, lakini unaridhika na wiki 13 ndani ya miezi 12. Muda wetu unakaribia mara mbili ya unaotakiwa, na kiasi kimepunguka. Usijaribiwe kuzidisha moja kwa nyingine ili upate ushindi. Mkataba hauruhusu kufidia kiasi kwa muda. Andika kwamba muda umefikiwa na kiasi hakijafikiwa.

Uzazi una mtego wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 kwa mama wa mapacha, na siku 84 ni wiki 12 kamili zinazotajwa na Mkataba Na. 102. Mkataba Na. 183 unataka wiki 14, yaani siku 98, kwa hiyo kwa kipimo hicho kipya zinapungua wiki mbili. Mtego uko kwenye swali la nani analipa. Mkataba Na. 102 unataka gharama zibebwe kwa pamoja, kwa michango ya bima au kwa kodi, ili mwajiri mmoja asiogope kumwajiri mwanamke kijana. Likizo inayolipwa na mwajiri mwenyewe haihesabiki kuwa hifadhi ya jamii hata kama mama anapata mshahara wote. Fao la uzazi la NSSF ndilo linalohesabika, nalo linalipa kwa kiwango cha juu kuliko asilimia 45 zinazotakiwa, isipokuwa linadai miezi 36 ya michango. Mkataba unaruhusu muda wa kusubiri unaozuia udanganyifu tu. Miaka mitatu, kwa maoni yangu, ni zaidi ya kuzuia udanganyifu.

Ugonjwa unafanana na uzazi. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, zote zikilipwa na mwajiri. Mkataba unazungumzia wiki 26 kwa kila ugonjwa, yaani siku 182. Mfanyakazi wa Chunya anayetibiwa kifua kikuu anaweza kumaliza siku zake kabla ya kumaliza udhaifu.

Fao la familia kwa wafanyakazi halipo. Liandike hivyo hivyo, bila kulifunika kwa mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Mpango huo una nafasi yake chini ya Pendekezo Na. 202, lakini unachagua kaya kwa umaskini wake na haumfuati mtoto wa kila mchangiaji. Kuhusu matibabu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kazi yako ni kulinganisha vifurushi na orodha ya mkataba, ambayo inajumuisha daktari wa kawaida, bingwa wa hospitali, dawa muhimu, kulazwa, na huduma kabla, wakati na baada ya kujifungua. Muulize aliye na kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa mahali ambapo kadi yake inakoma njiani kutoka zahanati kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Kuhesabu waliomo

Hapa ndipo nchi nyingi huanguka, na ndipo wapimaji wengi hukosea. Kwa pensheni ya uzee mkataba unatoa njia tatu. Waliofunikwa wafikie asilimia 50 ya waajiriwa wote. Au tabaka za watu wenye shughuli za kiuchumi zifikie asilimia 20 ya wakaazi wote. Au wakaazi wote ambao kipato chao hakizidi kikomo kilichowekwa wafunikwe. Kosa la kwanza ni kuchukua wanachama wa mifuko na kuwagawa kwa waajiriwa wenye mikataba tu. Mkataba unaposema waajiriwa wote, unamhesabu kibarua wa mbao wa Mafinga, dada wa kazi wa Forest Mbeya, mhudumu wa baa ya Tunduma na kijana anayeendesha bajaji ya tajiri kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole. Wakiingia wote chini ya mstari wa kugawanya, asilimia huporomoka.

Kosa la pili ni kusoma asilimia 20 kama ya wafanyakazi. Ni ya wakaazi wote, watoto na wazee wakiwemo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Tanzania Bara, kwa hiyo atakayechagua njia hii anahitaji kuonyesha watu waliofunikwa wapatao milioni 11.97. Idadi ya juu ya mstari wa kugawanya uichukue kwenye ripoti za mwaka za mifuko, nayo ihesabu wanachama wanaochangia kwa sasa; aliyesajiliwa mwaka 2012 akachangia miezi miwili asiwe ndani.

Wanaochangia kwa hiari, mfano mkulima wa parachichi wa Rungwe au mama lishe aliyejiunga na mpango wa sekta isiyo rasmi, wanaweza kuhesabiwa katika baadhi ya matawi, mradi mpango unasimamiwa na mamlaka ya umma na unafunika sehemu kubwa ya watu wenye kipato kisichozidi cha fundi stadi. Hawahesabiwi katika kuumia kazini. Nchi yenye uchumi mchanga inaruhusiwa pia kuomba nafuu ya muda, ambayo ni kupima nusu ya waajiriwa wa sehemu za kazi za viwandani zenye watu 20 au zaidi peke yake. Ukitumia nafuu hiyo, itaje kwenye kichwa cha jedwali, kwa kuwa inafuta viwanda vidogo vyote vya mbao kwa mpigo mmoja.

Uendeshaji upimwe kwa ufupi. Mchango wa wafanyakazi usizidi nusu ya fedha zote za ulinzi wao. NSSF wanakata 10 kwa 10, kwa hiyo wako kwenye mstari wenyewe. PSSSF ni 5 za mtumishi na 15 za mwajiri. Waliofunikwa wawe na uwakilishi katika uendeshaji, na anayenyimwa fao awe na haki ya kukata rufaa. Kuhusu rufaa, usitosheke na kifungu cha sheria. Muulize mstaafu mmoja ni nani aliyemwambia kwamba haki hiyo ipo.

Unapoandika matokeo, kila tawi lipate mstari wake na hukumu tatu tofauti, ya wigo, ya kiasi na ya masharti, kisha safu ya nne ya yale uliyoyaona kazini. Epuka alama moja ya jumla kwa nchi nzima, kwa sababu mkataba wenyewe hautoi alama kama hiyo, na asilimia 70 za aliyeumia hazimlishi mchuma chai mwenye miezi 176. Taja mshahara uliotumia, mnufaika wa mfano, kifungu, na kama pensheni ni kabla au baada ya mkupuo. Mwisho, weka tarehe juu ya kila jedwali. Kikokotoo kimeguswa mwaka 2018, 2022 na 2024, na karatasi isiyo na tarehe itakuja kusomwa mkutanoni Mafinga kama habari ya jana.